Msumari wa Shaba

Watu wa idara ya mambo ya kale walikuwa wamemwita Bi Ramani kwa miaka mingi, hata siku alipostaafu karani aliyeandika cheti chake cha shukrani ilibidi aulize jina lake la kuzaliwa. Kazi yake ilikuwa kuchora. Wachimbaji walipofukua ukuta wa mji wa kale, yeye alikaa kwenye kigoda ukingoni mwa shimo, ubao magotini, akachora jiwe baada ya jiwe, mpaka mji mzima ukaingia katika karatasi moja kubwa. Karatasi hiyo bado ilikuwa imetundikwa ofisini kwa mkuu wa idara.

Mkuu mwenyewe alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. Ndiyo maana asubuhi ile hakupiga simu, alikuja nyumbani. Mkwe wa Bi Ramani akamkaribisha sebuleni, akampa kiti kisichoyumba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umekonda? Cheo hakikupendi?"

"Ukubwa jalala, mama. Kila mtu ananitupia taka zake."

Bi Ramani akacheka, akamngoja aseme kilichomleta. Akakisema. Chuo rafiki cha ng'ambo kilikuwa kimefufua mpango wa kubadilishana wataalamu: wao waje kuusoma mji wa huku, wa huku waende kuusoma mji wa kwao. Wageni sita walikuwa wameshafika na vyombo vipya vinavyopima kwa setilaiti. Walitaka kuilaza ramani yake juu ya vipimo vipya, lakini ramani ilikataa kulala.

"Ni kama shuka fupi. Ukiivuta huku, kule miguu inabaki nje. Tunautafuta ule msumari, mama."

Bi Ramani aliujua. Ulikuwa msumari mnene wa shaba, uliozamishwa ardhini ndani ya zege, na kila mlango na kila ukuta wa mji ule ulipimwa kuanzia kwenye kichwa chake. Msumari ukipotea, vipimo vyote vya zamani vinakuwa kama mtu aliyeelekezwa njia bila kuambiwa aanzie wapi. Na kuta zenyewe hazikuonekana tena. Walipomaliza kuchimba walizifukia wenyewe ili jua na mvua visizile. Juu ya ardhi kulibaki kisima na kizingiti kimoja cha mlango.

"Kifaa cha kunusa chuma hamna?"

"Tunacho. Kinalia kila mahali. Makopo, visoda, waya. Mzee wao amesema tukizime, kinampigia kelele."

"Mzee gani?"

"Wamekuja na mstaafu mmoja. Kila mtu akinyanyua jembe, yeye anasema 'ngoja'."

Bi Ramani akaweka kikombe mezani.

"Nisubiri nivae viatu," akasema.

Neno la kwanza la Kiswahili ambalo mzee huyo, aliyeitwa Profesa Ngoja, alijifunza lilikuwa hilo la 'ngoja', na Bi Ramani ndiye aliyemfundisha, ili wachimbaji wasipige jembe juu ya kitu wasichokiona. Wakati huo yeye alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na tisa, mwenye mtoto mmoja wa kiume na penseli nne. Misimu mitano walifanya kazi pamoja. Katika msimu wa tatu zamu ya kwenda ilikuwa yake: alimwacha mtoto kwa mama yake mzazi, akapanda ndege, akakaa miezi mitatu kwenye mji wa kale wa kina Profesa, mji wa mawe uliokaa juu ya mlima mkavu. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Mke wa Profesa alimvalisha koti lake mwenyewe, refu mpaka kwenye vifundo, na wachimbaji wa kule wakasema koti limejifunza kutembea.

Huko ndiko alikojifunza kuchora sawasawa. Alikuwa amechora mawe arobaini na mawili katika siku moja, akajisifu. Profesa akaipindua karatasi, akamwambia, "Mawe haya umeyachora yote sawa. Hakuna mawe mapacha." Alilia usiku huo kwa hasira. Kesho yake akachora mawe saba tu, na Profesa akainama kuyatazama, akaenda kumletea chai kwa mkono wake.

Baadaye mpango ulikatika, barua zikapungua, zikakoma, kama zinavyokoma barua. Mke wa Profesa alifariki. Habari zilifika baada ya mwaka. Miaka thelathini na moja ilikuwa imepita.

Bi Ramani na mkuu wa idara walimkuta Profesa amekaa kwenye kiti cha kukunja kando ya kisima, kofia usoni. Nywele zilikuwa zimemwisha. Alipomwona alijaribu kuinuka, akashindwa, akajaribu tena.

"Bi Ramani! Samahani. Magoti yangu imekufa."

"Yamekufa, Profesa. Magoti yamekufa."

"Ndiyo. Yote mbili."

Akashindwa kumsahihisha mara ya pili kwa kucheka, na macho yake yalikuwa yameloa.

Ubishi ukaanza kabla hata hajaketi. Profesa alishikilia kwamba msumari uko upande wa mashariki wa kisima, hatua tano. Bi Ramani alishikilia kwamba uko mbele ya kizingiti cha nyumba ya vyumba vitatu, kona ya kulia; aliwahi kujikwaa juu yake mara mbili, na kidole kilichoumia hakisahau. Vijana wakatazamana. Mgeni hutangulizwa, basi wakachimba kwanza kwa Profesa. Walikuta udongo, na chini yake udongo.

"Mzee husahau," akasema Profesa.

"Mzee hubisha," akasema Bi Ramani. "Njooni huku."

Kwenye kizingiti, dhiraa moja chini, jembe liligonga zege. Mkuu wa idara akapiga makofi. Wakafagia kwa brashi, taratibu, mpaka zege likatokea lote. Katikati yake palikuwa na tundu la mviringo, safi, lililojaa udongo mwekundu. Msumari haukuwepo.

Profesa alilitazama lile tundu kwa muda mrefu. Akaanza kusema polepole, kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Palikuwa na mvua. Ukingo ulianza kumomonyoka hapa, msimu wa mwisho. Aliung'oa. Akaupandikiza mahali pengine.

"Wapi?"

"Sikumbuki. Lakini nilikuandikia. Wewe ulikuwa umeondoka kwa msiba."

Bi Ramani akakaza midomo. Mama yake alifariki katikati ya msimu ule wa mwisho, na yeye hakurudi tena kambini. Ramani aliimalizia nyumbani, kwa vipimo alivyoletewa kutoka katika daftari la Profesa.

"Hukuniandikia kipimo chochote," akasema. "Uliniandikia rambirambi."

"Kurasa mbili," akasema Profesa.

Bi Ramani akaomba arudishwe nyumbani.

Nyumbani alimwomba mkwe wake amshushie sanduku kutoka juu ya kabati. Barua ilikuwa pamoja na picha za mama yake na kitambulisho chake cha zamani. Ukurasa wa kwanza aliujua: mwandiko wa mtu aliyeandika kila neno kwa kamusi. *Pole. Pole sana. Mama yako alilea mtoto wako ili wewe uje kwetu, kwa hiyo hata sisi tuna deni kwake.* Siku ile alipoishia hapo machozi yalimzidi, akaikunja karatasi, na hakuwahi kuigeuza.

Sasa akaigeuza.

*Sijui maneno ya msiba kwa lugha yako. Hata kwa lugha yangu sijui. Nitakuambia habari za kazi, labda zitakupa mahali pa kuweka macho.* Chini yake yalifuata maelezo: mvua, ukingo, na msumari kuhamishwa. Kutoka kona ya kulia ya kizingiti, mita nne na sentimita ishirini kuelekea kisimani. *Ukichora sehemu ya mashariki, iliyopimwa kutoka mahali hapa papya, kumbuka kuongeza hii.*

"Mama, kuna nini?" mkwe wake akauliza mlangoni.

"Nimekosea, mwanangu. Miaka thelathini na moja nimekosea, na wala si kwa uzembe."

Asubuhi walipima kwa utepe wa kawaida. Mkuu wa idara alishika ncha moja, Bi Ramani akashika nyingine. Penye mita nne na sentimita ishirini walichimba kwa mwiko mdogo, na kichwa cha msumari kikatokea, kijani kibichi kwa kutu. Vijana walipiga kelele za furaha. Kabla ya adhuhuri kompyuta ilikuwa imeisogeza ile sehemu ya mashariki, na ramani ikalala.

Ilipolala ndipo mtaalamu kijana aliyewaongoza wageni akaita watu waje kutazama. Kwenye ramani ya zamani, barabara ya mashariki ilikuwa ikienda moja kwa moja na kujigonga kwenye ukuta. Sasa ilipita sawasawa katikati ya lango la soko.

"Lakini Profesa," akasema yule kijana kwa uangalifu, "si uliandika makala kuhusu barabara ile? Kwamba watu wa mji waliiziba kwa kuogopa maadui?"

"Kurasa thelathini na nane," akasema Profesa. "Zilisifiwa sana."

Bi Ramani alitaka kuomba radhi. Lakini mzee alikuwa ameanza kucheka, mabega yakimtikisika, na kicheko kikamwambukiza yeye, mpaka wakashikana mikono ili wasianguke. Maadui wenyewe walikuwa wao wawili.

Siku kumi zilizobaki Bi Ramani alikuja kila asubuhi. Aliichora upya sehemu ya mashariki kwa mkono wake, na wasichana wawili, mmoja wa huku na mmoja wa ng'ambo, wakaketi kila mmoja upande wake wakijifunza. Alirudisha karatasi zao mara nyingi. Hakuna mawe mapacha, aliwaambia.

Siku ya kuondoka, gari la wageni lilisimama mbele ya hosteli likiunguruma. Mizigo ilikuwa imepakiwa. Profesa alikuwa bado amekaa kwenye benchi la barazani, fimbo katikati ya magoti, na Bi Ramani kando yake. Wote wawili walijua hesabu ya umri, kwa hiyo hakuna aliyesema "tutaonana".

"Kuna kitu nilitaka kuuliza wakati ule," akasema Profesa. "Niliona haya, nikaandika mita. Mama yako alikuwa mtu wa namna gani?"

Hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza hivyo kwa miaka mingi. Mumewe alikuwa ametangulia, ndugu zake walikuwa wametawanyika, na mwanawe alimkumbuka bibi yake kama harufu tu ya sabuni.

"Alikuwa mfupi," akaanza. "Mfupi, na sauti kubwa. Alikuwa anashona, na akishona haongei, kwa sababu pini zote zilikuwa mdomoni. Ukitaka kukiri kosa, ulingoja ashone."

Profesa akacheka.

Dereva akapiga honi. Bi Ramani akampungia mkono bila kumtazama, akaendelea kusimulia. Dereva akasubiri kidogo, kisha akazima injini.