Sauti ya Pili ya Benitha

Mackrine alitunga nyimbo tangu akiwa darasa la sita, lakini ni wimbo mmoja tu uliowahi kuonekana kwenye televisheni. Aliurekodi na Benitha, rafiki yake wa kwaya ya Kilutheri hapo Nyakasimbi. Benitha alikuwa binti wa afisa ugani aliyehamia kutoka Muleba. Alikuwa na nguo nzuri na kicheko kilichowafanya watu wageuke. Mackrine alikuwa na sauti.

Siku ya kurekodi, Fidele, mwenye studio ya Kayanga, alimvuta Mackrine nje.

"Mwenzako anatoka nje ya ufunguo kila mstari," alimwambia. "Nitaiondoa sauti yake. Njoo kesho uimbe zote mbili."

"Atajisikia vibaya."

"Basi usimwambie."

Hakumwambia. Alirudi peke yake kesho yake, akaimba sauti ya kwanza na ya pili. Wimbo ulipotoka, Benitha aliusikiliza kwenye simu huku ameshika kifua. "Waitu, Mackrine wangu, kumbe naweza!" Mackrine alicheka naye. Wakati ule hakuwa na sababu ya kumnyima furaha hiyo.

Video waliipigia kwenye migomba ya Edith, mama yake Mackrine, wakaituma Rindimo TV, kituo kilichokuwa kikipiga muziki kutwa nzima. Saa kumi alasiri kulikuwa na kipindi cha nyimbo za mikoani, na kwa miezi minne wimbo wao ulipigwa karibu kila wiki. Nyumbani kwa Mackrine hapakuwa na king'amuzi, kwa hiyo aliuangalia saluni kwa Sperancia. Wanawake waliokuwa wakisukwa walimpigia makofi. Gulioni watu asiowajua walimwita kwa jina la wimbo.

Jumatatu moja saa kumi ikafika, na badala ya nyimbo wakatokea wanawake wawili wakigombania kitanda.

"Wamekosea," Mackrine alisema.

Wakasubiri. Wanawake wale walitukanana, wakalia, wakapatana, mpaka saa kumi na moja. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Fidele alipopiga simu kituoni aliambiwa kwamba siku hizi nyimbo watu wanazitazama kwenye simu zao. Rindimo sasa inaonyesha maisha ya watu. Kulikuwa na shindano linakuja, Jumba la Vidosho. Wasichana kumi wangekaa nyumba moja Dar es Salaam mbele ya kamera, na watazamaji wangepiga kura. Usaili wa Kagera ungefanyika Bukoba.

"Twende," Benitha alisema. "Wakitusikia tukiimba watatukumbuka."

Walikwenda. Mama mmoja mwenye miwani ya rangi alimwuliza Mackrine ni nani aliyewahi kumkosea katika maisha yake. Mackrine alifikiri, akajibu kwamba hana ugomvi na mtu. "Lakini naweza kuimba," aliongeza.

"Hapana, mdogo wangu, usiimbe. Asante kwa kuja."

Benitha alikaa ndani dakika arobaini. Kutoka kwenye benchi la nje Mackrine aliwasikia watu wazima wakicheka, wakinyamaza, wakicheka tena. Benitha alitoka machozi yamemchafua uso, naye anatabasamu. Walikuwa wamemchukua.

Mackrine alimkumbatia na kumwambia maneno yote yanayopaswa kusemwa. Kwenye basi la kurudi Benitha alisinzia begani kwake, na kichwa kile kilimwelemea kama debe la kahawa.

Shindano lilipoanza, kila asubuhi aliapa kwamba hataenda saluni, na kila saa kumi alikuwa pale. Aliziangalia kucha za Benitha, nywele zake mpya, jinsi alivyoacha nusu ya kuku kwenye sahani. Aliomba kimoyomoyo akosee. Benitha alikosea mara nyingi, na kila alipokosea watu walizidi kumpenda.

"Mwenzako anatuwakilisha!" Sperancia alimwambia.

Mwenzako. Siku hizi hakuna aliyemwita kwa jina la wimbo.

Wiki ya tano, msichana mmoja jumbani alimwuliza Benitha kazi yake. "Mimi ni mwimbaji," Benitha alijibu. "Nina wimbo wangu." Akaimba kiitikio, nje ya ufunguo mwanzo hadi mwisho, na wenzake wote wakapiga makofi. Saluni nzima nayo ikapiga makofi.

"Ni wangu," Mackrine alisema. Hakuna aliyemsikia.

Alitoka, akasimama nyuma ya saluni, akafungua kundi la WhatsApp la vijana wa kata na kujirekodi. "Benitha hajui kuimba. Kwenye wimbo ule hakuna sauti yake hata kidogo. Fidele aliifuta, nikaimba zote mimi. Muulizeni." Akatuma. Kwa muda mfupi alijisikia mwepesi.

Ujumbe ule ulitoka kundi moja kwenda jingine, ukaifikia Rindimo wenyewe. Ijumaa wakauweka jumbani, wote wausikie, kamera zikimwelekea Benitha.

Pale saluni Mackrine alitegemea kuona aibu ya mtu aliyekamatwa na uongo. Hakuiona. Benitha alisikiliza amekunja uso, kama mtu anayesemeshwa lugha ngeni. "Lakini mimi niliimba," alisema taratibu. "Nilikuwepo." Akaomba warudie. Walipomaliza mara ya pili alijifunika uso kwa mto wa kochi.

Hasira ilikuwa imemsahaulisha Mackrine jambo moja, kwamba Benitha hakuwa akidanganya. Hakuwahi kujua.

Jumatatu mama wa miwani alimpigia simu. "Mdogo wangu, tunakuja na kamera. Utarudia ulichosema, ila kwa hasira zaidi."

Angeweza kukataa. Badala yake aliuliza, "Nitaimba?"

"Mwishoni, kidogo."

Walimrudisha kwenye maneno yale mara saba, kila mara wakimtaka apandishe sauti. Kisha aliuimba wimbo mzima, kwa moyo wote, chini ya migomba. Kipindi kilipotoka wimbo haukuwemo. Kulikuwa na uso wake tu, mdomo wazi, na chini yake maandishi: ADUI WA BENITHA. Hatimaye alikuwa anajulikana hadi Kyerwa.

"Mwanangu," Edith alimwuliza jioni ile, "ndivyo ulivyo?"

Mackrine alichukua ndoo, akaenda kuteka maji.

Benitha alishika nafasi ya tatu, akarudi mwezi Juni. Alimkuta Mackrine akigeuza kahawa kwenye turubai. Alimwamkia Edith shikamoo kwanza, ndipo akachuchumaa kando ya kahawa.

"Muda wote ule ulikuwa unajua."

"Sikutaka uumie."

"Na siku uliyosema?"

Mackrine aliendelea kugeuza kahawa, kisha akaacha. "Nilitaka uumie."

"Niliumia." Benitha aliokota kijiti kilichoingia kwenye kahawa, akakitupa. "Wamenipa kipindi nitangaze. Naanza Agosti, na wanataka nifungue kwa kuimba. Safari hii nataka iwe sauti yangu. Nifundishe."

Mackrine alihisi wivu ukimpanda upya. Kipindi amepata, umaarufu amepata, na sasa amefuata na sauti.

"Hapana," alijibu.

Benitha alisimama, akajifuta vumbi, akaenda zake.

Siku tatu Mackrine alifanya kazi zake bila kuimba hata mstari. Siku ya nne aliosha miguu, akaenda hadi kwa afisa ugani, akamwambia Benitha mlangoni, "Alhamisi baada ya kwaya. Usichelewe."

Walifanyia mazoezi kanisani, wengine wakishaondoka. Benitha alikuwa mzito wa kushika sauti, lakini hakukata tamaa. Wiki ya tatu aliimba ubeti mzima bila kuteleza, safi, mpaka akajishangaa mwenyewe. Mwishoni tu sauti ilipanda kidogo. Mtu wa kawaida asingegundua, na Mackrine alitamani kuiacha hivyo hivyo.

"Mwishoni umepanda," alisema. "Rudia."

Benitha akarudia.