Mtumiaji Aliyedhaniwa Amelala

Karakana yetu husokota sigara nene kwa mkono, na tangu enzi za babu zetu kazi hiyo haifanywi bila msomaji. Sisi tunakaa kwenye meza zetu na majani ya tumbaku, yeye anapanda jukwaani na kutusomea. Huanza na magazeti, kisha hadithi tuliyoipigia kura. Mimi Idalmis niliacha shule mapema. Ninachokijua kuhusu nchi za mbali, wafalme na talaka za matajiri kimeniingia kwa sikio, mikono ikiwa kazini. Nashukuru kwa hilo, wala simwonei mtu haya.

Msomaji wetu ni Eusebio, bwana mwembamba mwenye sauti nzito isiyolingana na kifua chake. Vitabu vyake vya karatasi viliharibiwa na unyevunyevu, kurasa zikagandana, ikawa tunajua nani aliolewa na nani alikufa bila kujua kwa nini. Ndipo maktaba ya mkoa ikatuunganisha na maktaba yake ya kidijitali. Tukapata kishikwambi kimoja, na ndani yake vitabu vingi kuliko tutakavyomaliza kabla ya kuzikwa. Lakini tulipewa kwa majaribio. Baadaye angekuja mtathmini kutoka chuo kikuu, aseme kama tubaki nacho au kipelekwe kwingine.

Mwenye kupoteza kuliko sisi sote hakuwa hata na kiti humo ndani. Bi Migdalia ndiye aliyenifundisha kusokota, na kofi la mkono nimekula nilipoharibu jani. Ugonjwa wa sukari ulipomla macho alistaafu, akaniachia chaveta yake, lile bapa la chuma lisilo na mpini tunalokatia majani. Hata hivyo kila asubuhi hupapasa njia kwa fimbo yake mpaka nje ya dirisha letu, akaketi kivulini na kusikiliza. Watoto wake wako ng'ambo. Aliwahi kuniambia kwamba akikaa nyumbani husikiliza friji, na friji haina mwisho wa hadithi.

Mtathmini alikuwa msichana wa Havana aitwaye Maidelín, mwenye miwani mikubwa na adabu zake. Mgeni njoo mwenyeji apone, siku hiyo hata kahawa ya karakana ilikuwa na sukari ya kutosha. Alituambia ukweli bila kuzunguka. Sekondari ya wilaya ilikuwa na mamia ya watumiaji, na karakana yetu ilikuwa na mmoja. Tena huyo mmoja alikuwa wa ajabu: anafungua ukurasa, anakaa hapohapo nusu saa, anarudi nyuma, anakaa tena.

"Mashine inadhani mtumiaji wenu amelala," alisema.

Alijua kuna msomaji, nani katika kisiwa hiki asiyejua. Ila alisema redio nayo inalia kwa kila kinyozi, na kulia si kusikilizwa. Alitaka kuona kwa macho yake. Meneja wetu Rigoberto akatuomba tuwe watu wazima kwa siku moja tu.

Aliyeharibu ni Eusebio, Mungu amsamehe, maana alifanya kwa hofu. Katika hadithi yetu, jana yake tulikuwa tumemwacha muuguzi Otilia mbele ya mlango wa mume aliyeuza nyumba yake kisirisiri, mkono umeinuliwa, hajabisha. Tumelala usiku kucha na mkono huo. Eusebio akapanda jukwaani, akamtazama mgeni, akaona hadithi ya mapenzi itatushushia hadhi. Bila kura, bila kutuuliza, akaanza kutusomea kitabu cha rutuba ya udongo.

Tulivumilia kurasa mbili. Kisha chaveta moja ikaangushwa sakafuni, na ya pili, na zote kwa pamoja, chuma juu ya saruji. Kwetu chaveta ikigongwa mezani ni asante, ikitupwa chini ni hatutaki. Haki hiyo tumeirithi, na hasira ilipotupanda hatukukumbuka nani ameketi pale. Maidelín aliijua maana yake vizuri sana, akaiandika. Rigoberto akatabasamu kama mtu anayeumwa jino.

Wakati wa mapumziko nilimpelekea Bi Migdalia kahawa, nikamkuta Maidelín anapita na mkoba wake kwenda kusubiri gari. Nilitaka kumweleza, lakini nilichelewa. Bi Migdalia alisikia viatu, akadhani ni msichana mgeni wa kazi anayetoroka.

"Unakwenda wapi, mwanangu? Kwa udongo huo wa Eusebio sikulaumu. Ila subiri, sasa hivi tutamlazimisha arudi kwa Otilia."

Maidelín akasimama. "Mama, wewe unafanya kazi hapa?"

"Nilifanya. Sasa kazi yangu ni kusikiliza, na leo nimefanyishwa kazi bure."

"Kwa hiyo zile chaveta hazikuikataa maktaba?"

"Kuikataa maktaba? Mtu akikupakulia uji nawe uliagiza wali, unakataa jiko?" Akampapasia nafasi kwenye benchi. "Kaa hapa. Na usiniulize maswali akianza."

Akakaa. Nikarudi ndani haraka, nikamwambia Eusebio kwamba asiporudi kwenye ule mlango, nitapanda nimsomee yeye. Akafuta jasho, akafungua kitabu, na Otilia akabisha.

Ah, siku ile Eusebio alisoma. Mume alipofungua mlango, Otilia akasema amemsamehe, na karakana nzima ikalipuka. Wanaume wa nyuma walitaka arudie, hawakuamini masikio yao. Akarudia. Jirani yangu akasema mwanamke yule hana akili. Mwingine akasema huyo hajasamehe, amechoka tu, soma tena lile neno lake kabla ya machozi. Akarudi nyuma, akasoma tena. Tukabishana mikono ikisokota, na Eusebio akasubiri, kidole kwenye ukurasa uleule.

Sauti ikaingia kutoka dirishani. "Nyinyi hamjawahi kuachwa," alisema Bi Migdalia. "Amesamehe ili aweze kuondoka. Usiposamehe, unabaki mlangoni pa mtu."

Hapo nikamsikia Maidelín akicheka peke yake nje ya dirisha, akasema, "Kumbe hivi ndivyo mtumiaji wenu anavyolala." Gari lake lilikuja likaondoka bila yeye. Sura ilipokwisha tuligonga chaveta mezani mpaka vumbi la tumbaku likapanda, na nilipochungulia nikaona amefunga kalamu yake, amemshika Bi Migdalia mkono.

Hata hivyo hatukuwa na uhakika. Msichana mmoja aliyeguswa moyo si ofisi. Majuma yakapita, na kila asubuhi Bi Migdalia alikuwa akiniuliza kabla hata ya salamu kama kishikwambi kingalipo.

Kisha siku moja Eusebio akapanda jukwaani akasema leo hakuna gazeti. Ripoti ilikuwa imewekwa katika maktaba yenyewe, na mwandishi wake ameomba isomwe kwa sauti mbele ya waliotathminiwa, nao waipigie chaveta au waitupie. Mwanzo wake ulikuwa mkavu kama ule udongo, lakini hakuna aliyethubutu kuangusha kitu. Eusebio akafika mahali fulani, akarudi nyuma, akasoma tena.

"Karakana ibaki na maktaba. Idadi ya awali ilikuwa na kosa, kwa kuwa tulihesabu vidole vinavyogusa kioo. Watumiaji halisi ni mia moja arobaini na sita: wafanyakazi wote, msomaji wao, na mwanamke mmoja aliye nje ya dirisha."

Chaveta zikaanza kugonga. Mimi sikugonga. Niliinuka, nikaenda dirishani, nikamkuta amekaa wima na machozi yanamtiririka bila kuyafuta. Nikamwekea chaveta kiganjani. Aliitambua kwa kidole gumba, pale ilipolika kwa miaka yake mwenyewe.

"Wamenihesabu," alisema.

Kisha akatafuta kizingiti cha dirisha kwa mkono wa kushoto, na kwa wa kulia akagonga pamoja nasi.