Neno Zito la Mwalimu Kasimiri

Mwalimu Kasimiri hachagui neno, hulipima kwa kelele zake. Likitikisa mabati ya darasa, linaingia kwenye shairi. Huyo ndiye malenga wa tawi letu la chama hapa Temeke, na ndiye ambaye Chausiku, maskini, alimwendea amtungie marehemu mumewe shairi la arobaini. Alitaka binti yao awe na maneno ya kumkumbukia baba.

Marehemu Fakihi alikuwa mchonga vinyago. Mwaka ule wa themanini na tatu, msako wa wasio na kazi ulimzoa barazani kwake, akapelekwa shamba la mbali, akarudi na homa iliyommaliza. Msako wenyewe mitaani tuliuita Nguvukazi.

Mimi nafundisha na Kasimiri shule moja, kwa hiyo asubuhi ya arobaini alinionyesha shairi lake, meno yote nje. Lilianza hivi: “Nguvukazi ya taifa, hakika umetutoka.”

“Kasimiri, hilo neno liondoe. Ndilo lililomuua.”

“Felicitas, wewe mtu wa bara, Kiswahili umekikuta shuleni. Hilo neno zito! Kwenye mashindano ya ngonjera lilinipa kombe.”

“Mwite baba. Mwite fundi.”

“Baba!” Akacheka. “Nani hana baba?”

Sikio la kufa halisikii dawa. Nikamwacha na ujinga wake.

Hitima ilipokwisha, watu wangali mikekani, alisimama, akakohoa kama mgeni rasmi, kisha akapaza sauti yake ya gwaride: “Nguvukazi!”

Nyuma ya nyumba, wachongaji wenzake Fakihi walikuwa wakipakua pilau. Walilisikia neno hilo tu. Sahani zikaanguka, ua wa makuti ukalala chini, na wanaume wazima wakatokomea uchochoroni, mmoja upawa mkononi. Baadhi ya watu walicheka. Kasimiri alinyoosha karatasi yake ili aanze upya, hana hata haya.

Chausiku akasema kutoka mlangoni, “Wenzake wamekimbia, mwalimu. Yeye hakukimbia. Aliwaonyesha askari wa msako kinyago alichokuwa anakichonga, akawaambia, ‘Mie nina kazi.’”

Ndipo akalia, kilio ambacho hata siku ya mazishi hakikumtoka. Binti yake akamshika kanga, naye akaanza kulia.

Kasimiri akaniinamia sikioni. “Umeona? Ubeti umewagusa.”