Mtande wa Senyo

Mstari wa manjano ulikuwa umepinda tena. Dotse alifumba jicho la kushoto, kama apimavyo mstari siku zote, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa uzi. Jana aliufuma umenyooka. Leo, katikati kabisa, umefanya tumbo. Mtu aliyewafumia machifu watatu nguo za kutawazwa hakosei mstari, na chifu wa nne alikuwa anaingojea hii. Basi kuna mkono.

Na mkono wa nani, kama si wa Senyo, mdogo wake? Walifuma katika banda moja pale mjini Kpetoe miaka arobaini, mitande yao, zile nyuzi ndefu za kufumia, imenyooshwa sambamba uani, kila mmoja umefungwa jiwe zito kule mwisho. Lisogeze jiwe la mwenzako kidogo tu, uzi hulegea na nguo huharibika. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na Dotse aliona kama walimsema yeye.

Alinyunyiza majivu kuzunguka jiwe lake. Asubuhi yakawa shwari, hata kuku hakuyakanyaga. Mwingine angetulia. Dotse alizidi kuwaka: kumbe mtu ameshaujua mtego!

"Kaka, mbona wanitazama hivyo?" Senyo aliuliza. "Nimeota pembe?"

"Zinakuja."

Senyo akacheka, akaenda kula. Alicheka nini? Dotse alitoa kisu, akaukata mtande wa ndugu yake, nyuzi zote, chwaa! Kwa wafumaji, afadhali umtukanie mtu mama yake mzazi kuliko kumkatia mtande, na mama huyo alikuwa wa wote wawili. Moyoni alisema: tumelingana.

Hakupata hata nafasi ya kukificha kisu vizuri. Abla, mkewe, alikuwa mlangoni, kavaa nguo ya kutokea.

"Twende zahanati. Leo ni majibu ya damu yako."

"Damu yangu ina nini? Ni supu yako ya mawese hiyo."

"Supu uliyolamba mpaka bakuli! Twende, mzee wewe."

Muuguzi, Bi Esinam, alisoma karatasi. Mafuta mabaya katika damu yamezidi kidogo. Mafuta mazuri anayo tele.

"Umesikia?" Dotse alimgeukia mkewe. "Mazuri, tele."

"Usifurahi upesi, baba. Kwa afya ya macho ya wazee, hata hayo mazuri yanapozidi, siku hizi yanatiliwa shaka. Madaktari wenyewe bado wanabishana."

"Kama hata mazuri hayaaminiki, niamini nini?"

"Kwanza tuyapime macho yako," muuguzi alisema. Alimpa karatasi yenye miraba midogo, akamfunika jicho la kushoto.

"Tazama nukta ya katikati. Unaona nini?"

"Naona mmechapa vibaya. Mistari imepinda."

"Wapi?"

"Hapa katikati, imefanya tumbo." Akaisogeza karatasi karibu na pua. Kisha, kwa sauti kali: "Nani amekuja hapa kabla yangu? Senyo amekuja?"

"Hajaja mtu." Bi Esinam alihamisha mkono, akamfunika jicho la kulia. "Na sasa?"

Mistari ilinyooka. Dotse aliunyakua mkono wa muuguzi, akaurudisha kushoto, akaupeleka kulia, akaurudisha kushoto. Ilipinda. Ilinyooka. Ilipinda.

"Ni jicho, baba. Ni uzee wa jicho. Kesho uende hospitali kubwa, usichelewe hata siku moja. Lililoharibika huenda lisirudi, lakini huenda wakalizuia lisizidi."

Njia nzima Abla alizungumzia nauli na mboga za majani. Dotse hakusikia neno. Alikuwa na aibu, aibu ya kumfanya mtu mzima atamani kupotea njia ya kwenda kwake.

Senyo alikuwa amepiga magoti uani, anaunga uzi kwa uzi. Alikuwa ameshafunga mafundo kama ishirini. Mamia yalikuwa yanamngoja.

"Kaka, umeona unyama huu? Nafikiri ni wale wa banda la pili, wanatuonea kijicho. Hebu njoo uangalie huu mkato. Wewe kisu cha kila mtu hapa unakijua."

Dotse alichuchumaa. Alizishika ncha, akajifanya kuzitazama.

"Ni changu," alisema.

"Nini chako?"

"Kisu. Ni mimi, Senyo."

Aliinua uso kumtazama ndugu yake, kiganja kikifuta chozi la jicho zima, la kushoto. Aliyaona masikio, akaiona kofia, akayaona mabega yaliyoacha kusogea. Lakini pale katikati, penye macho na mdomo, palikuwa na ukungu tu, na Dotse akangoja, bila kujua anatazamwa vipi.