Swichi ya Mzee Muhsin

Siku ile mjinga alikuwa Marselino, wala tusihangaike kumtafuta mwingine. Mwenyewe anakubali. Alikuwa ameinamia injini ya gari la Mzee Muhsin, makalio juu, bisibisi nyuma ya sikio, akiwaambia watu waliojaa mbele ya duka la nafaka, "Poeni! Gari lenye umeme haliwezi kunishinda mie. Dakika tano tu."

Umeme ulikuwepo kweli. Taa zinawaka, honi inapiga kelele. Ukizungusha ufunguo, starta inavuta kwa nguvu kama mtu anayekaribia kupiga chafya, halafu basi. Chafya haitoki.

Mwenye gari alikuwa amelazwa kiti cha nyuma. Alidondoka akimpimia mteja mchele. Mdomo ukaenda upande, ulimi ukafungika, mkono wa kulia ukawa kama si wake. Binti yake Khulud alikipakata kichwa chake mapajani. Mkewe, Bi Samiha, aliketi mbele, ameng'ang'ania mkoba wenye kadi ya bima. Kwenye usukani alikaa Albano, jirani muuza chipsi, kazi yake kuzungusha ufunguo akiambiwa.

"Fundi, nisimamishe bajaji?" Khulud aliuliza.

"Ya nini, dada'angu? Umkunje mzee kama mkeka, na gari lake hili hapa?"

Bajaji moja ikasimama yenyewe. Marselino akaipungia mkono. "Nenda, kaka! Hapa pana fundi, siyo mganga."

Watu wakacheka. Tandale nzima ilimjua Marselino wa Masasi: mikono mizuri, mdomo mkubwa. Hata Khulud alitabasamu, na tabasamu lile hajajisamehe mpaka leo.

Akakaza vichwa vya betri. Akachomoa plagi moja na kuigusisha kwenye chuma, Albano akapiga starta. Cheche ikaruka, ya buluu, safi. Akazitazama fyuzi moja moja juani, zote nzima. Mwishowe akachomoa mpira wa mafuta. Mkavu.

"Tumemkamata mchawi! Mafuta hayafiki. Pampu hii."

Muda wote huo mkono wa kushoto wa mzee haukutulia. Ulikuwa ukiteleza kutoka kifuani, ukashuka, ukakwangua zulia nyuma ya kiti cha dereva. Khulud anaurudisha. Unashuka tena.

"Baba, tulia basi."

"Anatafuta kobazi zake," Marselino akasema, akipangusa mikono kwa tambara. "Mzee wangu, hospitali wanapokea watu, hawapokei viatu. Kazi niachie mie."

Mzee Muhsin alimtazama. Jicho moja lilikuwa limelegea. Lile lingine lilimkazia, likashuka kwenye zulia, likapanda kumkazia tena. Marselino akalikonyeza.

Pampu ilikuwa chini ya kiti cha nyuma, kwa hiyo wakamtoa mzee na kumlaza dukani, juu ya magunia ya mchele. Marselino akang'oa kiti. Akaufuata waya wa pampu kwa vidole, taratibu, ukaja mbele, ukaingia chini ya zulia. Hapo, nyuma ya kiti cha dereva, vidole vikakuta swichi ndogo, kiungo chake kimezungushiwa utepe mweusi, na juu yake kimefungwa uzi wa kuvulia samaki, mafundo mawili.

Fundi mmoja tu Tandale alikuwa akifunga waya kwa uzi wa kuvulia samaki.

Miaka mitatu nyuma, wezi wa magari walipowachachamalia watu, Marselino alifunga swichi za siri kwenye magari zaidi ya arobaini, za kuzuia mafuta yasifike. Kila gari mahali pake, na Marselino akampa kila mwenye gari sharti lile lile: asijue mtu. Mzee Muhsin alilishika kama dini. Kila akiegesha, alibonyeza swichi kufunga mafuta. Gari likipelekwa gereji, alikuwa akiibonyeza tena mwenyewe kwanza, kuyafungulia, ndipo akatoa ufunguo. Marselino alishasahau kwamba hata gari hili alilifunga yeye.

Akabonyeza. "Piga, Albano."

Injini ikashika mara moja, laini kabisa. Watu wakapiga makofi. Zilikuwa zimepita dakika hamsini.

"Ilikuwa nini?" Khulud akauliza.

"Pampu. Ilikwama."

Mzee Muhsin alifika hospitali akiwa hai. Daktari aliuliza alianguka saa ngapi, akaitazama saa ya ukutani, hakuuliza la pili. Adhuhuri mzee hakuiona. Wakamzika alasiri.

Marselino ndiye aliyelirudisha gari nyumbani. Akaliegesha mbele ya duka lililoungana na nyumba, akazima injini. Na mkono wake, mkono wa fundi uliozoea kazi, ukapita nyuma ya kiti, ukashuka chini ya zulia, ukabonyeza swichi bila kumwomba ruhusa.

Siku ya nne simu ikaita. Walid, mtoto wa kiume wa marehemu, anayefanya kazi kwenye makontena Kurasini. "Braza, gari lina umeme lakini haliwaki. Njoo."

Njiani Marselino aliyapanga yote. Atafungua boneti, atagonga gonga, atamtuma Walid maji ya kunywa, na akigeuka tu, amemaliza. Lakini Walid alisimama juu ya kichwa chake, macho mekundu, akakataa kutumwa. Marselino akafungua mlango wa nyuma, akapiga magoti.

"Hujagusa hata boneti," Walid akasema. "Umejuaje ni huku?"

Marselino akakaa chini, mavumbini, akamwambia yote.

"Yaani uliisahau kazi yako mwenyewe?"

"Nilizifunga nyingi, Walid."

"Ungemwambia mtu mmoja humu ndani! Mmoja tu!"

"Haiambiwi mtu, ndugu yangu. Ukimwambia mmoja, anamwambia wa pili, na wa tatu ndiye mwizi. Ile siri ndiyo inayolinda gari, waya ni waya tu."

"Baba'angu yuko kaburini, wewe unanifundisha ulinzi!"

"Sikufundishi. Nasema hayo ndiyo masharti, na mzee aliyakubali. Alisema mwenyewe, 'Vizuri, fundi, nyumba yangu ina watu wengi.' Nilimwambia, 'Hata mkeo asijue,' akasema sawa. Sasa lawama zote zangu?"

Dirisha la nyumba lililokuwa juu yao lilikuwa wazi, pazia limeteremshwa. Nyuma yake alikuwepo Bi Samiha, mwenye eda. Ikatoka sauti tu, ndogo, haina machozi.

"Fundi."

"Naam, mama. Shikamoo."

Hakuitikia. "Miaka thelathini na minane nimekula sahani moja na yule mtu. Funguo za duka nalala nazo mie. Hebu nambie, humu ndani, mwizi mliyekuwa mnamficha hiyo swichi alikuwa nani?"