Safu Moja Tu

Mwangangi alipoangushwa na kiharusi, watu wa mtaa wa Kaloleni walimhurumia mkewe, Syokau, kuliko walivyomhurumia yeye. Walimjua. Alikuwa dereva wa lori la mawe, akishinda barabara ya Kishushe wiki nzima, na siku ya kurudi kwake Voi majirani walijua hata kabla ya kuliona lori, kwa vile Syokau alivyofagia ua mara ya pili na kuwaita watoto ndani.

Sasa watoto walikuwa wamekwenda zao. Mwangangi alishinda kwenye kiti karibu na mlango, upande wa kulia umekufa, ulimi mzito. Syokau alimwosha, alimlisha uji, alimbadilisha nepi. Akina mama wa kanisani walisema Mungu amempa moyo wa ajabu. Yeye alikuwa amechoka tu.

Siku moja alienda sokoni kununua sukuma wiki, akampita msichana aliyetandaza nyuzi juu ya gunia. Kando ya nyuzi kulikuwa na sindano za kroshia. Syokau aliinama, akaokota moja, akaigeuzageuza. Kidole chake cha shahada kilijikunja chenyewe.

"Unajua kufuma, mama?" msichana aliuliza.

"Nilijua."

Alirudi nyumbani na uzi mweupe chini ya sukuma. Mwangangi aliposinzia, alijaribu. Mnyororo wa kwanza ulikaza mno, wa pili ukalegea. Akafumua, akaanza upya. Kabla chai haijachemka vidole vilikuwa vimekumbuka: zungusha, ingiza, vuta. Ua dogo likatokea kiganjani mwake, akajikuta anatabasamu peke yake.

Miaka ya kwanza ya ndoa alifuma sana. Alimfumia mama yake mzazi kule Kibwezi shuka zima la kitanda, kazi ya mwaka. Alikuwa amelianika tayari kulipeleka, Mwangangi alipotafuta kitambaa cha kupangusia mafuta ya injini. Alilitoa kwenye kamba, akapangusia, kisha akamtupia Syokau.

"Angalau leo limefanya kazi," alisema.

Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililomuuma Syokau. Alilifua mpaka mikono ikachubuka. Doa halikutoka. Hakushika sindano tena mpaka siku ile ya soko.

Alifuma vitambaa vya viti, vya meza, vya mito. Kazi za nyumba zilimwendea vizuri kwa sababu alijua kitu gani kinamngoja akishamaliza. Alasiri moja yenye joto, Mwangangi aliamka na kumwita.

"Maji."

"Ngoja nimalize safu moja tu," alisema Syokau, na kweli alitaka kuimaliza tu, asipoteze hesabu ya vitanzi.

Alipoinua macho alimwona mumewe anamtazama. Uso ule aliujua, ila hakuwahi kuuona kwa Mwangangi. Ulikuwa uso wa mtu anayesubiri ruhusa. Syokau alimaliza safu. Kisha, taratibu, akaanza nyingine.

Tangu siku hiyo kila kitu kilikuja baada ya safu. Maji, uji, kugeuzwa ubavu. Hakumpiga, hakumtukana. Alimjibu kwa sauti ya upole kabisa, "Nakuja, Baba Mbinya," na sindano haikusimama. Nepi ikilowa, alifungua dirisha, akarudi kukaa. Alifuma kitambaa kipana akaifunika televisheni, hata saa ya habari ambayo mzee aliipenda. Wageni walipoketi juu ya vile vitambaa walisema nyumba imependeza, na Mwangangi alifungua mdomo kusema neno, yakamtoka mate.

"Anawasalimia," Syokau alisema, akampangusa.

Alilala vizuri siku hizo. Alinenepa kidogo.

Jirani yake Jedidah, Mtaita aliyefundisha chekechea, alipenda kazi ile akaomba afundishwe. Wakawa wanakaa kwenye baraza la Jedidah kila alasiri, ng'ambo ya ua, kwa sababu kule kulikuwa na upepo. Pia kule mtu hakusikia akiitwa.

Siku hiyo Jedidah alikuwa akihangaika na kona ya kitambaa waliposikia kishindo nyumbani kwa Syokau, kisha sauti ya mtu.

"Kuna kitu kimeanguka kwako."

"Ni paka."

"Mama Mbinya, wewe huna paka."

Syokau alivuta uzi. "Kona ukiikosea, kitambaa kizima kitapinda. Tazama hapa."

Jedidah alimtazama usoni, akatupa kazi chini, akakimbia. Alimkuta Mwangangi sakafuni, nyonga imevunjika, midomo imepasuka kwa ukavu, na mgongoni, shati lilipopanda, kidonda ambacho hakikuwa cha siku ile. Akampigia simu Mbinya, binti yao aliyekuwa nesi Mombasa.

Mbinya alikuja. Alikaa na baba hospitalini mpaka akaruhusiwa, kisha akamleta nyumbani kuchukua nguo zake kabla ya kumpeleka kwake Mombasa. Alimkuta mama jikoni akichambua maharagwe.

"Mama, kile kidonda nimekisafisha mimi. Ulikuwa unakiona?"

"Nilikuwa nakiona."

"Na ukakaa?"

"Wewe ulikuwa mdogo," Syokau alisema. "Mlipomsikia amerudi mlijificha chini ya kitanda, wewe na kaka yako Maxwell. Mimi nilijificha wapi?"

Mbinya alilia. Lakini hakumsamehe. Alikusanya mashati ya baba, vitambaa vyote akaviacha pale pale.

Vijana wa jirani walimbeba mzee mpaka kwenye gari. Jedidah alisimama mlangoni kwake, hakuvuka ua. Syokau alikuja na chupa ya maji, akaifungua, akamwekea mumewe mdomoni. Mwangangi alifunga midomo. Maji yakamtiririka kidevuni. Alihangaika na ulimi wake muda mrefu, mshipa umemtoka shingoni, mpaka neno likafika.

"Usije kunizika."

"Baba," Mbinya alisema.

"Mwache," Syokau alisema. Aliifunga chupa, akainama karibu ili amsikie vizuri. "Sitakuja."

Gari likashika barabara kuu, vumbi jekundu likabaki uani. Syokau aliingia ndani. Alijua kwamba mtu wa kawaida angeketi chini alie; naye akangoja kuona kama machozi yatakuja. Hayakuja. Alikiburuta kile kiti cha mlangoni mpaka nje, akafungua madirisha yote, akajitandaza kitandani katikati, mikono na miguu ameitawanya, akalala mpaka jua likazama nyuma ya milima.