Nusu ya Paa

Fundi rangi alikuwa amemaliza upande wa paa unaotazama barabara. Alikuwa ameketi juu kabisa, akipumzisha mgongo, aliposikia ngazi ikiondoka ukutani.

"Mama, hiyo ngazi yangu."

"Najua," alijibu mwenye nyumba. "Ndiyo maana nimeichukua."

Alikuwa nesi mstaafu, na mtaa mzima ulimwita Sista. Aliilaza ngazi chini ya dirisha la jikoni, akavuta kiti, akaketi na kuikanyaga. Mkononi alikuwa na kopo tupu la rangi. Alisoma maandishi ya ubavuni mara ya pili, kwa kuwa mtu mwenye hasira husoma vibaya. Yalisema vilevile: rangi hii isitumike kwenye paa linalokinga maji ya kunywa.

Paa lake lilikinga maji ya kunywa. Gata za pande zote mbili ziliungana kwenye kona na kushuka hadi kwenye tangi nyuma ya nyumba. Mvua ya kwanza ya msimu aliiacha ioshe vumbi na kinyesi cha ndege, akayageuzia maji yake bustanini. Iliyofuata ndiyo aliyoiruhusu iingie tangini, ikipita kwenye kitambaa cheupe, na maji ya kunywa aliyachemsha. Sasa mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Upande wa pili nao ukipakwa, msimu wote ungekwenda hivihivi.

"Nani amekutuma?" aliuliza.

"Mwanao. Kesho bosi wake anakuja na mpiga picha."

Ujio wa bosi aliujua. Mwanawe wa kwanza alikuwa afisa habari wa mamlaka ya maji. Alikuwa amemvutia bomba hadi jikoni, na kesho bomba hilo lingepigwa picha. Habari ya kulipaka paa bluu, rangi ya ofisi, hakuambiwa. Aliambiwa fundi anakuja kuziba tundu la msumari.

Fundi alipiga simu kutoka juu. Mwana alifika shati limemganda mgongoni.

"Mama, mwache baba wa watu ashuke."

"Atashuka. Rangi itangulie."

"Rangi tu hiyo, mama."

"Soma." Alimpa kopo. Mwana alisoma, akalirudisha.

"Sawa. Lakini maji ya paa ya nini tena? Bomba si unalo?"

"Ninalo. Nafulia, naoshea vyombo, nashukuru. Juzi lilikauka, likarudi na maji kama chai. Nani alitutumia ujumbe, 'tunaomba radhi kwa usumbufu'?"

Mwana alitazama pembeni. "Mimi."

"Uliandika vizuri. Ila radhi hainyweki."

Juu ya paa fundi alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Unaniaibisha, mama. Mtu wa maji, halafu mama yake anakinga mvua kama vile ofisi haipo."

"Nilikinga kabla hawajakuajiri. Ndiyo maji yaliyokukuza."

"Basi nitakuletea ya chupa. Msimu mzima."

"Ya chupa yatangoja mshahara wako, ya bomba yanangoja ofisi yako. Nataka maji ninayoyafungua mwenyewe."

"Wakubwa," fundi aliita, "mkimaliza kikao, mimi bado niko huku. Bati linaunguza."

Mwana alishusha sauti. "Nusu bluu, nusu bati. Nitamwambia nini bosi?"

"Usimwambie kitu. Nitamwambia mimi."

Hilo lilimtisha kuliko paa lenyewe. Hata hivyo aliinua uso na kumwambia fundi ashushe rangi. Kopo lililobaki lilishuka kwa kamba. Sista alilifunika, akaliingiza jikoni, akarudi.

"Fundi, usishuke bado. Ile gata ya upande uliopaka, ichomoe kwenye kona. Maji yake yaishie barabarani."

"Hiyo haikuwa kwenye makubaliano yetu, mama."

"Na hii bluu ilikuwa kwenye makubaliano na nani?"

Fundi aliichomoa. Ndipo mwana akasimamisha ngazi.

Kesho yake bosi alizunguka nyumba, mikono nyuma, akasimama uani na kutazama juu.

"Naona fundi hakumaliza."

Mwana alifungua mdomo. Sista alimtangulia.

"Amemaliza. Upande wa bluu ni wa ofisi yenu. Huu wa bati ni wa maji ya kunywa, na haupakwi."

Mpiga picha alishusha kamera. Bosi alimgeukia afisa wake, akingoja asahihishe.

"Ndivyo ilivyo, mkuu," mwana alisema, akitazama viatu vyake.

Sista aliwaongoza jikoni na kufungua bomba. Maji yalitoka safi. Aliwaambia kwamba leo maji ni safi, kwa kuwa yalikuwa safi; ya kesho hakuyasemea, akalifunga bomba.